Hana Hakupanda Kwenda Shilo

Jumapili ya Familia Takatifu, Mwaka C. Somo: 1 Samweli 1:20-22, 24-28



Ndugu wapendwa wasikilizaji, ninyi mlioko hapa Sumbawanga mjini, nanyi wa Laela na Mpui, wa Matai na Namanyere, nanyi wa bondeni kule Muze na Mtowisa, pamoja na ndugu zetu wa mwambao wa Tanganyika, Kirando, Kipili na Kasanga: tunawasalimu nyote katika furaha ya Noeli, ambayo bado haijapoa mioyoni mwetu.

Leo Mama Kanisa anatuwekea mbele ya macho Familia Takatifu ya Nazareti. Injili ya mwaka huu inatuonyesha Mtoto Yesu akiwa na umri wa miaka 12, ameketi kati ya walimu hekaluni, na wazazi wake wakimtafuta kwa uchungu. Aghalabu sisi wahubiri hukimbilia hapo, tukawaonya vijana juu ya utii na wazazi juu ya malezi. Leo tunaomba ruhusa yenu tubaki kwenye somo la kwanza, kwa mtoto mwingine aliye mdogo zaidi. Samweli katika somo hili hajui bado kusema wala kutii. Anajua kunyonya tu.

Yeyote mwenye Biblia nyumbani aifungue baada ya kipindi hiki, ataona jambo. Kitabu cha Masomo kinasoma aya ya 20 hadi ya 22, kisha kinaruka mpaka aya ya 24. Aya ya 23 haisomwi kanisani. Hatudhani kwamba waliopanga masomo walikuwa na nia mbaya. Pengine waliona kuwa ni mazungumzo ya nyumbani tu, baina ya mume na mke. Lakini kwetu sisi wa Ufipa aya hiyo ina uzito mkubwa, na ndiyo tunayotaka kuieleza.

Habari yenyewe ni hii. Kila mwaka Elkana na nyumba yake yote walipanda kwenda Shilo kumtolea Bwana dhabihu. Mwaka ule Hana alikuwa amempata mtoto aliyemlilia Mungu kwa miaka mingi. Tungedhani yeye ndiye angekuwa wa kwanza kufunga mizigo, aende akamshukuru Mungu hadharani, na mke mwenzake Penina aone kwa macho yake. Hakwenda. Alimwambia mumewe kwamba atapanda mtoto atakapokuwa ameachishwa ziwa. Na katika aya ile tusiyoisoma, Elkana anakubali. Anamwachia mkewe aamue lililo jema, akae nyumbani mpaka kazi ile ya kunyonyesha itimie.

Elkana huyu ndiye yule yule ambaye hapo awali alimwuliza mkewe aliyekuwa akilia kama yeye mwenyewe si bora kwake kuliko watoto wa kiume kumi. Ni swali la mwanamume asiyejua machozi ya mwanamke. Hakuwa hodari wa maneno. Lakini siku ile alisema lililo sahihi. Alikubali kusafiri bila mke wake, alikubali nadhiri ichelewe kutimizwa, na hatusomi popote kwamba Mungu alichukizwa na ucheleweshaji ule. Na haukuwa wa majuma mawili. Miongoni mwa Wayahudi mtoto alinyonya kwa muda mrefu. Mama wa wale ndugu saba, katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, anamkumbusha mwanawe wa mwisho kwamba alimnyonyesha kwa miaka 3.

Tunaleta habari hii kwenu kwa sababu ya kaburi moja.

Miaka kadhaa iliyopita, majira ya mvua kama haya, tuliitwa katika kigango kimoja cha uwanda wetu kumzika mtoto wa miezi 3. Alizaliwa mzima. Kadi yake ya kliniki ilionyesha mstari unaopanda vizuri mpaka mwezi wa pili. Kisha alishikwa na kuhara kwa siku tatu, na usiku wa nne, njia ikiwa imejaa tope na usafiri haujapatikana, akafariki. Baada ya maziko bibi yake mzaa baba alitusogelea. Alisema, "Baba, mama yake alikuwa shambani tangu alfajiri. Mtoto alilia mno. Niliona maziwa hayamtoshi, nikamkorogea uji mwepesi, na maji kidogo. Nilimpa kwa upendo."

Hatukuwa na shaka juu ya upendo ule, wala hatuna hata leo. Nasi tulimjibu kama tulivyozoea kujibu makaburini: tulisema ni mapenzi ya Mungu. Neno lile limetukaa kooni tangu siku ile. Tulimsingizia Mungu jambo lililotokana na maji ya mto wakati wa mvua, na msimu wa kilimo usiomngoja mtu, na kimya chetu sisi viongozi. Katika kigango kile tulikuwa tumefundisha amri 10 na sakramenti 7, tena vizuri, na hatukuwahi kutamka sentensi moja juu ya namna Mungu alivyomwekea mtoto mchanga kinga katika mwili wa mama yake.

Basi leo tuitamke.

Mtoto akiwa tumboni hupokea kutoka kwa mama, kwa njia ya kondo la nyuma, akiba ya kingamwili, yaani chembe zinazopambana na vijidudu vya maradhi. Akiba hiyo hupungua mwezi hata mwezi baada ya kuzaliwa, na mwili wake mwenyewe bado haujajifunza kutengeneza ya kutosha. Kuna kipindi hapo katikati ambapo mtoto yu karibu mikono mitupu. Ni kwa ajili ya kipindi hicho maziwa ya mama yamewekwa. Tunakosea tunapoyahesabu kuwa chakula tu. Ni chakula kweli, lakini ni chakula chenye askari ndani yake.

Maziwa ya kwanza kabisa, yale ya rangi ya manjano yanayoitwa dang'a, ndiyo yenye kingamwili nyingi kupita yote. Ni machache, ni mazito, na kwa sababu ya rangi yake wako wazee ambao bado huyaona kuwa machafu, wakaagiza yakamuliwe na kumwagwa. Wanaomwaga dang'a humwaga chanjo ya kwanza ya mtoto. Nchini Ghana, mwaka 2006, watafiti walionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga vingeweza kupungua kwa karibu asilimia 22 kama kila mtoto angewekwa kifuani pa mama katika saa ya kwanza. Baadaye utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, uliojumuisha watoto wa Ghana, wa India na wa Tanzania yetu, ulithibitisha jambo lile lile: kadiri mtoto anavyocheleweshwa kunyonya siku ya kwanza, ndivyo hatari ya kufa inavyozidi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sisi wenyewe tulipolisikia kwa mara ya kwanza tulinyamaza kwa mshangao. Mama anapokula na kunywa, anapopumua hewa ya nyumba yake, vijidudu vya mazingira yale huingia mwilini mwake. Kuta za utumbo wake huvitambua. Kutoka huko, seli zilizokwisha kufundishwa kuvijua husafiri kwa njia ya damu mpaka kwenye matiti, na huko hutengeneza kingamwili za vijidudu vile vile, zikaingia katika maziwa. Kwa hiyo mama wa Muze humpa mwanawe kinga ya maradhi yanayozunguka Muze, na mama wa Kasanga kinga ya maradhi ya Kasanga. Mnawajua sungusungu. Nguvu ya sungusungu ni kwamba wanawajua wezi wa kijiji chao kwa sura. Maziwa ya kopo, hata yawe ya bei kubwa namna gani, yanaweza kumshibisha mtoto, lakini hayamjui mwizi yeyote.

Kingamwili hizo hazihitaji kuingia katika damu ya mtoto. Hutanda juu ya koo na utumbo wake, zikazuia vijidudu visishike mahali. Pamoja nazo kuna laktoferini, inayovinyima vijidudu madini ya chuma ambayo vinayahitaji ili kuzaliana. Kuna lisozimu, inayobomoa kuta zao. Na kuna sukari za namna ya pekee, za aina zaidi ya 100, ambazo mtoto hawezi hata kuzimeng'enya. Kwa muda mrefu wataalamu walijiuliza Muumba aliziweka za nini. Kumbe ni chakula cha bakteria wema wanaoishi tumboni mwa mtoto, na tena huwa mtego: vijidudu vibaya hujishika kwazo badala ya kujishika kwenye utumbo, vikatoka pamoja na choo.

Sisi tunaoishi kati ya maziwa mawili makubwa, Rukwa na Tanganyika, tunakijua kipindupindu. Tunakumbuka mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ukaenea karibu nchi nzima. Mwaka 1983 watafiti waliofanya kazi Bangladesh, nchi inayoteswa na ugonjwa huo kuliko nyingi, walitoa habari ya ajabu kidogo. Waliangalia watoto wanaonyonya katika nyumba zenye wagonjwa. Vijidudu viliingia matumboni mwa watoto hao kama kawaida. Lakini wale ambao maziwa ya mama zao yalikuwa na kingamwili nyingi za kipindupindu, mara nyingi hawakuhara. Adui aliingia nyumbani, akakuta wenyeji wako macho.

Na mtoto asiyenyonya? Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilikusanya takwimu kutoka Brazili, Pakistani na Ufilipino. Mtoto wa chini ya miezi 2 asiyenyonyeshwa alikuwa katika hatari ya kufa kwa maradhi ya kuambukiza karibu mara 6 kuliko anayenyonya. Hatari hiyo ilipungua kadiri mtoto alivyokua, lakini haikwisha kabla ya mwaka wa kwanza.

Turudi sasa kwa bibi yetu na kikombe chake cha uji. Yeye hakumnyima mtoto maziwa ya mama. Mtoto alikuwa akinyonya asubuhi na jioni na usiku. Aliongeza tu. Na hapa ndipo penye kosa ambalo wengi wetu tunalifanya kwa moyo mweupe. Tangu mwaka 2001 fundisho la Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6: pasipo uji wala maji wala dawa za mitishamba za kuzuia mchango. Dawa zilizoagizwa na mganga wa zahanati ni jambo jingine. Watu huuliza: hata maji, wakati wa jua kali la bondeni? Naam, hata maji. Zaidi ya sehemu 8 katika 10 za maziwa ya mama ni maji, nayo ni maji safi kuliko ya kisima chochote katika mkoa huu.

Kijiko kimoja cha uji hufanya mambo mawili. Kwanza huingiza vijidudu kwa mlango ambao maziwa yalikuwa yakiulinda. Pili hujaza tumbo dogo, mtoto akanyonya kidogo siku ile. Na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Baada ya majuma machache, maziwa hayatoshi kweli. Bibi akasema, "Si niliona?" Hofu yake ilizaa kile alichokihofia. Mama anayetaka kujua kama maziwa yanatosha asipime kwa kilio, maana mtoto hulia kwa sababu nyingi. Aangalie kama mtoto anakojoa mara 6 au zaidi kutwa kucha, na kama mstari wa kadi unapanda.

Hatutaki mfikiri kwamba nchi yetu imelala. Katika utafiti wa taifa wa mwaka 2004-05, watoto wa chini ya miezi 6 waliopewa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 41. Mwaka 2010 walikuwa 50, mwaka 2015-16 wakawa 59, na mwaka 2022 wamefika 64. Hiyo ni kazi ya wauguzi wa kliniki na ya akina mama wenyewe, nasi tunawapongeza. Lakini Rukwa yetu ina aibu yake. Mkoa huu hulisha mikoa mingine mahindi. Malori hutoka hapa yamejaa. Na bado mwaka 2015-16 watoto 56 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na mwaka 2022 walikuwa bado karibu 50. Udumavu una sababu nyingi, wala hatusemi kwamba wote unatokana na kijiko cha uji. Lakini mtoto anayehara mara kwa mara tangu mwezi wa pili au wa tatu hutumia nguvu zake kupigana na maradhi badala ya kukua, na ghala lililojaa haliwezi kumrudishia urefu alioukosa.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba mambo yote yako mikononi mwa mama. Hayako. Ndiyo maana tunaing'ang'ania aya ya 23.

Leo tuko mwisho wa Desemba. Ninyi mnaotusikiliza mnajua wake zenu wako wapi siku za kazi mwezi huu. Wako shambani tangu kabla ya jua, wanapanda mahindi na maharage, na palizi inabisha hodi. Mvua za Ufipa hazimngoji mtu, na ni mvua hizo hizo zinazochafua mito na visima. Kwa hiyo msimu ambao mtoto anahitaji ziwa kuliko wakati wowote ndio msimu ambao ziwa liko mbali kuliko wakati wowote. Mwanamke aliyeajiriwa ofisini ana sheria ya kazi ya mwaka 2004 inayompa likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua mapacha, na baada ya kurudi kazini saa 2 kila siku za kumnyonyesha mwanawe. Je, mkulima wetu amepewa nini? Jembe halina likizo. Likizo yake ni mumewe tu.

Basi, mababa, tunasema nanyi. Tunajua kwamba ekari ni chakula na ni ada ya shule. Lakini shamba la karibu na nyumba liwe la mama mwenye mtoto mchanga, na la mbali mlime ninyi. Kuni na maji, kwa miezi hii 6, yabebwe na mikono mingine, hata kama jirani atacheka kumwona mwanamume na ndoo. Acheni acheke. Ikibidi mama aende mbali, mtoto aende naye na kivuli kitafutwe, au binti mkubwa amlete mtoto kunyonya. Likishindikana hilo, mama ajifunze kliniki kukamua maziwa yake kwa mikono iliyooshwa, katika kikombe safi chenye mfuniko; yatakaa kwa saa 4 bila kuharibika, na mtoto atanyweshwa kwa kikombe, si kwa chupa yenye chuchu ambayo haitakati. Nanyi mabibi, ambao tunawaheshimu kama nguzo za nyumba, huo ndio uji wenu mpya: kikombe cha maziwa ya mkwe wenu. Uji wa ulezi utakuja mwezi wa saba, pamoja na karanga zilizosagwa, maharage yaliyopondwa na dagaa, na mtoto aendelee kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi.

Kuna jambo zito zaidi ambalo husemwa kwa kunong'ona, nasi tungekuwa waoga kulipita. Ni habari ya mama mwenye virusi vya UKIMWI. Ni kweli kwamba virusi vinaweza kupita katika maziwa. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1990 na baada yake, akina mama wengi duniani waliambiwa wasinyonyeshe. Nia ilikuwa njema. Lakini mapema mwaka 2006, nchini Botswana, ambako maziwa ya kopo yaligawiwa bure kwa mama hao, mvua kubwa zilichafua maji, na watoto wachanga wakafa kwa kuhara kwa mamia. Waliougua sana walikuwa hasa wale wasionyonya. Walikuwa wamekingwa na ugonjwa mmoja wakaachwa wazi kwa mingine yote. Tayari mwaka 1999 watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walikuwa wameonyesha kwamba mtoto aliyenyonya maziwa ya mama pekee aliambukizwa kwa nadra kuliko aliyechanganyiwa na vyakula vingine.

Kisha zikaja dawa. Dar es Salaam, katika utafiti uliofanyika Muhimbili na matokeo yake kutolewa mwaka 2009, akina mama walimeza dawa za kufubaza virusi muda wote wa kunyonyesha, na walioambukizwa kwa njia ya maziwa katika miezi 6 walikuwa karibu mtoto 1 tu katika 100. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake, na tangu mwaka 2013 taifa letu lilianza kumpa kila mama mjamzito au anayenyonyesha mwenye virusi dawa hizo kwa maisha yake yote. Kwa hiyo leo mama huyu huambiwa na kliniki anyonyeshe, maziwa pekee kwa miezi 6, akimeza dawa kila siku bila kukosa, na mtoto akipewa dawa yake ya kinga na kupimwa kwa tarehe zake. Hatari haijafutika kabisa, bali imekuwa ndogo sana.

Lakini mama huyu hawezi kumeza kila siku dawa anayoificha ndani ya gunia la mahindi. Na katika nyumba ambayo mama mkwe anashurutisha uji, mara nyingi hukubali mtoto achanganyiwe, kwa sababu akikataa ataulizwa kwa nini. Tazameni jinsi ukali wa nyumba unavyoweza kumwua mtoto pasipo mtu yeyote kukusudia. Kama kila mama wa kijiji, mzima na mgonjwa, ananyonyesha maziwa pekee kwa miezi 6, hakuna atakayenyoshewa kidole kwa kufanya hivyo.

Nao wapo akina mama ambao wamefiwa na maziwa, kama tunavyoweza kusema: waliougua sana, waliojifungua kabla ya wakati, na wapo watoto ambao mama zao walifariki siku ya kujifungua. Hatukusema neno hata moja leo ili kuwahukumu. Watoto hao wapelekwe kituo cha afya mapema, siku ile ile, wala wasingojewe mpaka wadhoofike. Nasi katika jumuiya ndogo ndogo tuchange kwa ajili ya maziwa yao kama tunavyochanga kwa ajili ya matanga.

Makatekista wapendwa, neno hili tunalikabidhi kwenu hasa, nanyi msiseme kwamba ni kazi ya wauguzi. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Tanganyika, kijana aliyezaliwa mbali sana huko Afrika ya Magharibi, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Jina lake Adriano Atiman. Alikuwa daktari na katekista kwa pamoja, na alibaki Karema mpaka kifo chake mwaka 1956. Kwa miaka 67 hakupata kuona kwamba kuna siku ya dawa na siku nyingine ya Injili. Imani ya nchi hii ya Rukwa na Katavi imepitia mikononi mwa mtu wa namna hiyo. Katika mafundisho ya wachumba na ya wazazi wanaoleta watoto kubatizwa, ongezeni saa moja. Mwalikeni muuguzi wa zahanati. Na waume wawepo; msiwaache wakae nje chini ya mti wakingoja wake zao wafundishwe.

Wala jambo hili si geni kwa Kanisa. Papa Pius XII aliwahimiza akina mama wanyonyeshe wenyewe, mwaka 1941. Mwezi Mei 1995 Papa Yohane Paulo II alizungumza na wanasayansi waliokutana Vatikani kwa ajili ya suala hili hili, akautaja ulinzi dhidi ya maradhi na kifungo cha upendo baina ya mama na mtoto, na akasema wazi kwamba mama anahitaji muda na msaada ili aweze. Na mwezi Januari 2014, Papa Fransisko alipokuwa akiwabatiza watoto katika Kikanisa cha Sisto, aliwaambia mama zao kwamba mtoto akilia kwa njaa wamnyonyeshe pale pale, bila wasiwasi. Pale pale, chini ya michoro ile maarufu, mbele ya Baba Mtakatifu.

Tuliposikia habari hiyo tuliona haya. Kwa maana katika makanisa yetu mengi, mtoto akianza kulia wakati wa mahubiri, mzee wa kanisa humfuata mama yake na kumwonyesha mlango. Nasi altareni tulikuwa tukiona, na tulinyamaza, na mara nyingine tulishukuru. Mama alitoka akasimama uani, kwenye manyunyu na baridi ya Sumbawanga, akinyonyesha chini ya ukingo wa paa, na Misa akaisikia kwa vipande.

Kwa hiyo tunatangaza kwa vigango vyote vya parokia yetu: kuanzia Jumapili ijayo, mabenchi mawili ya mbele, upande wa ukutani pasipo na upepo, ni ya akina mama wenye watoto wachanga. Hakuna atakayetolewa nje. WAWATA wameahidi kuweka mikeka na blanketi moja. Mtoto akilia wakati tunahubiri, anyonyeshwe hapo hapo, nasi tutangoja kidogo.

Tumsifu Yesu Kristo.